Ruffle kwa kazi za zamani za Flash: kinachofufuka, na kinachobaki kimekwama

Ruffle ni programu huria ya bure inayocheza mafaili ya SWF (mafaili ya michezo na katuni za Flash) bila Flash Player, programu ya Adobe iliyokuwa ikiyacheza. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, na ndani ya kivinjari inaendeshwa kwa WebAssembly, yaani msimbo uliokusanywa tayari ambao kivinjari huuendesha chenyewe, kwa hiyo mtazamaji hasakinishi chochote. Aliyeuanzisha mradi ni Mike Welsh, ambaye huko nyuma alifanya kazi Newgrounds, tovuti ya michezo na katuni za Flash. Tangu Novemba 2020, Internet Archive inaitumia kuchezesha michezo na katuni za Flash zilizohifadhiwa kwenye maktaba yake.

Mapitio haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi yake mwenyewe: mchezo, somo lililouzwa kwenye CD, ramani ya kubofya, kioski cha makumbusho. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, kisha likaja sasisho la usalama, na kesho yake skrini ikawa nyeupe. Hukumu yetu tunaitanguliza. Kama kazi imeandikwa kwa ActionScript (lugha ya programu ya Flash) 1 au 2 na haitegemei seva, isakinishie Ruffle leo hii. Uwezekano wa kuamka nzima ni mkubwa. Kama ni ActionScript 3, ipime onyesho kwa onyesho kabla ya kumwahidi mteja. Na kama inazungumza na seva, kazi kubwa utaifanya kwenye seva, na hapo ndipo Ruffle inapolaumiwa bila kosa.

Lawama hiyo inatokana na jambo moja ambalo wengi hawalioni. Ruffle inaiondoa Flash Player, ila sheria za usalama haiziondoi. Inakutoa kwenye sheria za Flash na kukuingiza kwenye sheria za kivinjari, ambazo ni kali zaidi. Kila mahali ulipowahi kuweka ujanja wa kuiridhisha Flash Player, pakague upya, kwa sababu ujanja ule haujulikani huku.

Kwanza jua unashika nini mkononi

Usianze kusakinisha kabla hujajua SWF yako ni ya aina gani. Baiti nne za mwanzo zinakuambia mengi. Kwenye Linux au Mac andika:

head -c 4 mchezo.swf | xxd

Ukiona 4357 5308, hizo baiti tatu za kwanza ni herufi CWS, yaani faili limebanwa kwa zlib, na 08 ni toleo la 8. FWS ni faili lisilobanwa, na ZWS limebanwa kwa LZMA. Toleo la 8 kushuka chini haliwezi kuwa na ActionScript 3, hapo umeshajua. Kuanzia la 9 kwenda juu linaweza kuwa la aina yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo fungua faili kwenye JPEXS Free Flash Decompiler, programu ya kusoma yaliyomo ndani ya SWF, na uangalie tagi ya FileAttributes, sehemu ya actionScript3. Jibu la ndiyo au hapana lililoandikwa hapo ndilo litakalopanga kiasi cha kazi iliyo mbele yako.

Ukiwa bado ndani ya JPEXS, tafuta maneno "http" na "loadPolicyFile" katika skripti zote, pamoja na "XMLSocket" (soketi za seva), "ExternalInterface" (mawasiliano na JavaScript) na "SharedObject" (hifadhi za mchezo). Andika kila anwani unayoikuta. Orodha hiyo utaihitaji baadaye, na bila hiyo utakuwa unapapasa gizani.

Usakinishaji

Pakua kifurushi cha wavuti cha kujihifadhia mwenyewe kutoka ruffle.rs, kifungue, na uweke mafaili yote kwenye folda moja ya tovuti yako, mfano /ruffle/. Ndani mna ruffle.js, mafaili mengine ya JavaScript na mawili ya .wasm. Hayo mawili ni kwa ajili ya vivinjari vyenye uwezo tofauti. Kivinjari kinapakua moja tu, lakini usifute lolote. Ukurasa wenye tagi za zamani za object au embed hauhitaji kuandikwa upya: ita ruffle.js kwenye kichwa cha ukurasa, yenyewe itazitafuta tagi hizo na kuzibadilisha. Mipangilio iwekwe kabla ya kuita ruffle.js, kwa mtindo huu:

window.RufflePlayer = window.RufflePlayer || {};
window.RufflePlayer.config = {
  publicPath: "/ruffle/",
  autoplay: "off",
  allowScriptAccess: true
};

Ikigoma hapa mwanzoni kabisa, sababu kwa kawaida ni mbili. Ya kwanza, seva inatuma faili la .wasm kwa aina isiyo sahihi. Kwenye Apache, ongeza AddType application/wasm .wasm katika .htaccess, kwenye nginx ya zamani, iongeze katika mime.types kisha uipakie upya mipangilio. Ya pili ni sera ya usalama wa maudhui ya tovuti yenyewe, ile heda ya Content-Security-Policy. Kama script-src haina 'wasm-unsafe-eval', WebAssembly haitaanza. Hili huwakuta zaidi wenye tovuti za taasisi, ambako mtu wa mtandao aliweka heda hiyo miaka iliyopita na hakuna anayeikumbuka. Ruffle ina tabia nzuri hapa: badala ya kukuachia mraba mweupe, inaonyesha paneli inayotaja tatizo kwa jina.

Chunga uzito pia. Faili la .wasm ni la megabaiti kadhaa, na mtazamaji anayetumia bando la simu analilipia yeye. Washa gzip au brotli kwa mafaili ya .wasm, na uweke heda ya Cache-Control ya muda mrefu ili lisipakuliwe upya kila ziara. Ukurasa wenye SWF ndogo kuliko Ruffle yenyewe uwekee autoplay "off" ili mtu aamue mwenyewe kuianzisha.

Vikoa: kutoka crossdomain.xml hadi CORS

Flash Player 7 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanza kuwavunjia watu kazi kwa kiwango kikubwa. Katika Flash Player 6, SWF iliyokaa www.duka.example iliweza kusoma data ya bei.duka.example kwa kuwa mzizi wa jina ni mmoja. Toleo la 7 likadai majina yafanane herufi kwa herufi, na likakataza SWF ya http kuingiliana na ile ya https. Sababu ilikuwa ya kweli, maana kwenye seva za kukodi majirani wasiojuana hushiriki kikoa kimoja cha juu. Waundaji wakaambiwa waweke faili la crossdomain.xml (faili la sera linalotaja vikoa vinavyoruhusiwa) kwenye mzizi wa seva inayotoa data. Aliyekuwa na uwezo wa kuigusa seva ile aliokoka. Aliyekuwa akisoma data ya mtu mwingine alibaki ameshika kazi iliyokufa.

Katika Ruffle ya kivinjarini, crossdomain.xml haina kazi. Kila kinachopakiwa kinapitia fetch, njia ya kivinjari ya kuomba mafaili, kwa hiyo kinachotakiwa ni CORS, yaani heda ambazo seva hutuma kuruhusu tovuti nyingine isome data yake. Kuna tofauti ndogo hapa inayowanasa hata wenye uzoefu. Katika Flash, picha ya kikoa kingine iliruhusiwa kuonyeshwa bila faili la sera. Sera ilidaiwa pale tu msimbo ulipotaka kuzisoma pikseli zake, mfano kwa BitmapData.draw. Katika Ruffle, hata picha ya kuonyeshwa tu inahitaji ruhusa ya CORS. Ndiyo maana matunzio ya picha yaliyokwenda miaka kumi bila crossdomain.xml yoyote yanafunguka kwa Ruffle yakiwa na fremu tupu.

Tiba ni kuongeza heda kwenye seva inayotoa mafaili. Kwa nginx:

add_header Access-Control-Allow-Origin "https://www.duka.example";

Andika asili kamili, yaani anwani ya tovuti yenye ukurasa wa SWF, pamoja na https. Usikimbilie kinyota (*, yaani ruhusa kwa kila tovuti) kwa data ya watu walioingia kwa nywila; kivinjari hukikataa kwa ombi lenye vidakuzi. Kama seva si yako, nakili mafaili kwenye seva yako ikiwa una haki nayo, au weka njia ya kupitisha maombi kwenye seva yako mwenyewe ili kivinjari kione kikoa kimoja.

Anwani za http zilizoandikwa ndani ya SWF ni tatizo la pili, kwa kuwa ukurasa wa https unazizuia. Ruffle ina upgradeToHttps, ambayo kwenye ukurasa wa https inajiwasha yenyewe na kutatua sehemu kubwa, mradi seva lengwa ina cheti. Kwa kikoa kilichokwisha kufa tumia urlRewriteRules, unayoipa jozi za anwani ya zamani na mpya. Hii peke yake inatosha kuipendea Ruffle: unaelekeza kazi yote kwenye seva mpya bila kufungua FLA (faili la chanzo la Flash), na wengi FLA zao zilishapotea.

Mafaili ya ndani: CD na vioski

Flash Player 8 ya mwaka 2005 iliwagonga watengenezaji wa masomo. Kabla ya hapo, SWF iliyofunguliwa kutoka kwenye diski iliweza kusoma mafaili ya kompyuta na hapo hapo kuzungumza na mtandao. Ukilitazama kwa jicho la mvamizi, hilo ni janga: faili moja la barua pepe linasoma hati zako na kuzituma nje. Kwa hiyo toleo la 8 likakulazimisha uchague kimoja, ama mafaili ya ndani ama mtandao. SWF za toleo la 7 kushuka chini zilimwonyesha mtumiaji kisanduku cha onyo. Za toleo la 8 zilishindwa kimyakimya, na hilo lilikuwa baya zaidi kwa sababu mwalimu darasani aliona kitufe kisichoitika na hakuna ujumbe wowote.

Dawa za wakati ule zilikuwa nzuri kwa aliyezijua. Local Content Updater ilibadilisha alama ya ruhusa ndani ya SWF bila kuikusanya upya. Faili la .cfg lenye njia ya folda, likiwekwa ndani ya FlashPlayerTrust, liliiaminisha folda nzima. Na kazi iliyofungashwa kama projekta ya .exe (SWF na kichezeshi chake ndani ya programu moja) haikuguswa kabisa. Lakini CD iliyokwisha kuchapwa na kusambazwa mashuleni haiwezi kufuatwa na faili la .cfg. Mabadiliko haya yalikuwa sawa na kubadilisha kitasa cha nyumba na kumwachia mwenye nyumba maelezo ya kuchonga ufunguo.

Kwa Ruffle, hali ni hii. Ukifungua index.html ya CD kwa kubofya mara mbili, anwani inaanza na file:// na kivinjari kinazuia Ruffle kusoma mafaili yake yenyewe. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuendesha seva ndogo ndani ya folda ya kazi:

python3 -m http.server 8000

kisha kufungua http://localhost:8000. Ya pili ni kiongezi cha Ruffle cha kivinjari, ambacho kwenye Chrome lazima ukiruhusu kufikia anwani za mafaili katika ukurasa wa viongezi. Ya tatu, ambayo ndiyo tunayoipendekeza kwa kioski au maabara ya shule isiyo na mtandao, ni Ruffle ya kompyuta. Inafungua SWF moja kwa moja, na sheria za kurasa za wavuti haziihusu.

Somo lenye SWF nyingi zinazoitana lina mtego wake. Linux na seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo; Windows haijali. SWF inayoita Sura2.swf wakati faili linaitwa sura2.swf ilikwenda vizuri kwenye CD na inakwama kwenye seva. Angalia kichupo cha mtandao kwenye zana za msanidi, utakuta 404.

Soketi na lile sasisho la Aprili 2008

Kati ya masasisho yote ya Flash, 9.0.124.0 ndilo lililoacha majeraha mengi kwa siku moja. Kabla yake, SWF iliruhusiwa kufungua soketi (muunganisho wa moja kwa moja na seva) kwenda kwenye seva iliyotoka, kwenye poti 1024 na kuendelea, bila kuomba. Kuanzia hapo kila soketi ilidai faili la sera, hata kwa kikoa hicho hicho. Player ilianza kwa kubisha hodi poti 843, ikatuma maneno <policy-file-request/> yakifuatwa na baiti sifuri, ikasubiri sekunde tatu, na ikikosa jibu ikajaribu poti lengwa. Jibu nalo lilipaswa kuishia na baiti sifuri. Wengi waliandika XML sahihi wakasahau baiti hiyo moja, na wakaambulia Error #2048 bila kujua kosa liko wapi. Wengine walikuwa na jibu sahihi, ila ngome ya mtandao ilimeza maombi ya poti 843 bila kuyakataa, na kila mchezaji akangoja sekunde tatu kabla ya kuingia.

Sasisho hilo hilo lilidai ruhusa ya ziada ya allow-http-request-headers-from kwa anayetuma heda zake kwenda kikoa kingine, na likaifanya allowScriptAccess iwe sameDomain hata kwa SWF za zamani. Hili la mwisho lilikata mawasiliano kati ya SWF na JavaScript kwenye kurasa zilizopachika SWF kutoka kikoa kingine.

Kivinjari hakiwezi kufungua soketi ghafi ya TCP, na Ruffle haiwezi kukigeuza. Inachotoa ni socketProxy: unataja jina la seva na poti ambayo SWF inaitafuta, na anwani ya WebSocket (muunganisho wa kudumu ambao kivinjari kinauruhusu) ya kupitishia.

socketProxy: [{
  host: "mchezo.example",
  port: 9339,
  proxyUrl: "wss://mchezo.example/soketi"
}]

Upande wa seva unahitaji daraja linalopokea WebSocket na kumimina baiti kwenye TCP. websockify inatosha:

websockify 8080 localhost:9339

kisha nginx mbele yake ikiwa na cheti. Jina katika host lifanane kabisa na lililoandikwa ndani ya SWF. Kama SWF inaita nambari ya IP, andika IP hiyo. Seva ya poti 843 unaweza kuizima, haina mteja tena. Kosa la kawaida hapa ni kuandika ws:// kwenye ukurasa wa https: kivinjari kinakataa, na mchezo unaonyesha "haikuunganishwa" kana kwamba seva imelala. Kuna pia madaraja yanayotuma ujumbe kama maandishi badala ya baiti; herufi za kawaida zinapita, lakini mchezo wenye itifaki ya binari unaharibika baada ya pakiti ya kwanza.

Tukiipa alama sehemu hii, inapata nzuri lakini si ya kuanzia. Mtu asiyeshika seva yake mwenyewe hatafika popote.

Kuhusu ExternalInterface, allowScriptAccess iwe true kwa kazi unayoiamini tu. Tovuti inayopokea SWF kutoka kwa watumiaji isiiwashe kabisa, kwa sababu SWF itapata uwezo wa kuendesha JavaScript kwenye ukurasa wenye vidakuzi vya mtu aliyeingia.

Bofya kwanza

Flash Player 10 ya Oktoba 2008 ilikataza kufungua dirisha la kuchagua faili au kuandika kwenye ubao wa kunakili bila mtumiaji kubofya ndani ya SWF. Vipakiaji vya picha ambavyo kitufe chake kilikuwa cha HTML na kikaita Flash kwa JavaScript vilikufa kwa Error #2176. Waliofufua walilazimika kulaza SWF isiyoonekana juu ya kitufe, ili bofyo liangukie kwenye Flash.

Vivinjari vya sasa vinadai vivyo hivyo, na vimeongeza sauti. Chrome 66 ya Aprili 2018 ilizuia sauti ianzayo yenyewe, na michezo mingi ya wavuti ikawa bubu. Malalamiko ya waundaji yalikuwa makubwa hadi Google ikairudisha nyuma sehemu ya Web Audio mwezi uliofuata, kisha ikaileta tena katika Chrome 71. Hilo halikuwa sasisho la kuziba tundu, lilikuwa la kumpunguzia mtumiaji kero, ila kwa aliyevunjikiwa kazi matokeo ni yale yale. Ruffle huonyesha kitufe cha kuwasha sauti juu ya kazi. Usikifiche kwa unmuteOverlay "hidden" isipokuwa kazi yako haina sauti. Katuni ambayo picha zake zinafuata sauti ni afadhali iwe na autoplay "off": bofyo la kuanza linafungua sauti papo hapo na mdomo unaenda na maneno.

Hifadhi za mchezo, fonti, simu

SharedObject inahifadhiwa ndani ya localStorage ya kivinjari. Maana yake mchezaji akifuta data ya tovuti, hatua zake zote zimekwenda. Menyu ya kubofya kulia ina sehemu ya kusimamia hifadhi, ambako anaweza kushusha faili la .sol na kulirudisha. Waelekeze wachezaji huko kwa maandishi chini ya mchezo. Ukihamisha mchezo kwenda kikoa au njia nyingine, hifadhi za zamani hazifuati.

Fonti ni udhaifu. Waundaji wengi walitegemea Arial ya kompyuta ya mtumiaji ili kupunguza uzito wa SWF, na Ruffle ya kivinjarini inaweka fonti yake mbadala. Upana wa herufi ukibadilika, neno refu linakatwa kwenye kitufe. Kiswahili chenye maneno kama "yanayofuatana" kinaumia kuliko Kiingereza. Kama una FLA, pachika fonti na uitoe upya. Kama huna, tumia fontSources na defaultFonts, ukiipa Ruffle faili la SWF lenye fonti yenye vipimo vilivyo karibu na ile ya awali.

Simu inacheza, jambo ambalo Flash yenyewe haikuwahi kulifanya kwenye iPhone. Ila mchezo wa mishale ya kibodi hauna mishale kwenye kioo, na kitufe kinachotoa maelezo pale kipanya kinapopita juu yake hakina kipanya cha kupita. Michezo ya kubofya na masomo ya maswali na majibu hayana shida. Katuni yenye vekta nzito na vichujio vingi huchechemea kwenye simu za bei ya chini. Kushusha quality hadi "low" kunasaidia kidogo.

ActionScript 3

Hapa tuseme wazi. Lugha ya ActionScript 1 na 2 Ruffle inaielewa kwa zaidi ya asilimia 90, na kazi za kundi hilo huwa zinaamka. ActionScript 3 imepiga hatua kubwa na michezo mingi inachezwa hadi mwisho, lakini madarasa (classes) kadhaa ya lugha hiyo yamewekwa majina tu bila kazi ndani yake. Kazi inaanza vizuri, kisha onyesho la sita linasimama. Stage3D (michoro ya 3D), kamera, maikrofoni na mikondo ya RTMP (video na sauti zinazotiririshwa kutoka seva) ni maeneo ya kuyatilia shaka kabla ya kuahidi lolote. Fungua konsoli ya kivinjari, weka logLevel "warn", cheza kila tawi la kazi, na usome kila onyo linalotaja kitu ambacho hakijatekelezwa. Kujaribu menyu na hatua ya kwanza hakutoshi.

Usalama wa Ruffle yenyewe, na masasisho yake

Sehemu kubwa ya matundu hatari ya Flash Player ilikuwa makosa ya kumbukumbu, ya aina ambayo Rust inaizuia wakati wa kukusanya msimbo. Juu ya hapo, WebAssembly inaendeshwa ndani ya uzio wa kivinjari. Huo ni ulinzi wa kweli, na ndiyo sababu Ruffle inaweza kuwekwa kwenye tovuti ya umma bila kumtaka mtazamaji alegeze chochote.

Ruffle hutoa toleo jipya karibu kila usiku. Ukiiita kutoka seva ya usambazaji kama unpkg bila kutaja toleo, tovuti yako inabadilika bila wewe kujua, na kazi iliyopona jana inaweza kuharibika leo. Hifadhi mafaili kwako, andika tarehe ya toleo kwenye jina la folda, mfano /ruffle-2025-03-01/, pima toleo jipya pembeni, kisha badilisha publicPath pamoja na anwani unayoitia ruffle.js. Folda ya zamani iache hadi uhakikishe.

Njia nyingine

Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba Flash ingekoma mwisho wa 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Player yenyewe ikazuia maudhui. Chrome 88 na Firefox 85 zikaiondoa kabisa mwezi huo huo. Miaka mitatu na nusu ya onyo haikuwatosha wote: mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilitoa kivinjari chake maalumu Januari 2021 ili fomu zake za Flash ziendelee kujazwa. Hatuipendekezi njia hiyo, wala ile ya kubaki na Player ya zamani yenye kuruhusu anwani fulani kupitia AllowListUrlPattern katika mms.cfg, faili la mipangilio la Player, isipokuwa kwa mashine iliyokatwa kabisa mtandao. Projekta ya Adobe inayojitegemea bado inacheza na haina ule mzuio wa tarehe, lakini haipokei tena masasisho. Itumie kulinganisha, ili ujue kama kasoro ni ya Ruffle au ilikuwepo kwenye SWF tangu zamani.

Mwenye FLA na msimbo wa ActionScript 3 ana chaguo lililo bora kuliko Ruffle: AIR, ambayo tangu 2019 iko mikononi mwa kampuni ya HARMAN, inafungasha kazi kama programu ya Android, iOS au kompyuta. Kampuni yenye mfumo mkubwa wa ndani usioweza kuandikwa upya iangalie CheerpX for Flash ya Leaning Technologies, ambayo ni ya kulipia.

Ukikwama kwenye Ruffle na umeshathibitisha kwa projekta kwamba SWF ni nzima, ripoti kwenye GitHub ya mradi. Ambatisha SWF yenyewe au kipande kidogo kinachoonyesha kasoro, tarehe ya toleo la Ruffle, jina na toleo la kivinjari, na maandishi yote ya konsoli. Ripoti ya "haifanyi kazi" bila faili haimsaidii mtu. Ripoti yenye SWF ya fremu mbili inayorudia kosa ndiyo inayoweza kushughulikiwa.